Nyongeza Niliyoiweka Kwenye Fungu la Gozi

Ninyi mnaosomea unesi, mnaotembea na viatu vyeupe visivyopiga kelele, sogeeni. Mimi sikuwahi kuwa nesi. Nilikuwa mhudumu. Kama humjui mhudumu, ni yule mama unayempita koridoni ana ndoo na tambara, ukasahau kumwamkia kwa sababu unakimbilia kumwamkia daktari. Miaka thelathini na kitu nimepita kila wodi ya hospitali yetu. Nimepiga deki kila pembe, nimemwaga kila kinachotoka kwenye mwili wa binadamu, na bado nashangaa. Nimestaafu, nimerudi kwetu Mtinko nalima alizeti, lakini nikiyakumbuka niliyoyaona, jembe linasimama lenyewe mkononi.

Shule nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Ukikuta kosa, lisahihishe mwenyewe, msomi ni wewe.

Nataka kuwaambia habari ya mjukuu wangu Husna, binti wa mwanangu Jumanne. Anasomea unesi kama ninyi, na kuna siku alitaka kuuacha. Lakini siwezi kuisema siku hiyo bila kusema kosa langu moja, ambalo nililificha tangu Jumanne ananyonya mpaka Jumanne mwenyewe akaota mvi.

Ilikuwa baada ya mavuno. Nipo uwanjani napiga alizeti kwa fimbo, namwona Husna anashuka kwenye bodaboda. Begi mgongoni, begi mkononi, na ndoo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mke mwenzangu, mbona na ndoo?"

"Mume wetu tulishamzika, Bibi, bado tu unanionea wivu?"

Nikacheka. Bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, utani wetu hauna mwisho. Lakini jicho langu lilibaki kwenye ndoo. Mwanafunzi wa bweni akija kusalimia, ndoo anaiacha bweni. Ukiona amekuja nayo, ujue huyo amehama.

Sikumuuliza. Hili nalo lishikeni, nimelilipia: mtu mwenye donge kooni usimguse palepale penye donge. Mgonjwa aliyetoka Sepuka juu ya lori la mizigo usimwanze na "unaumwa wapi". Muulize njia ilikuwaje, mvua huko imenyesha, ng'ombe amemwachia nani. Akishafika kwenye ng'ombe, ugonjwa atautaja mwenyewe. Basi nikampa Husna maji, nikampa na fimbo.

"Piga alizeti, unisimulie wodi zako."

Maana walikuwa wamempeleka fildi, ile ya kuzungushwa, wiki kadhaa wodi hii, wiki kadhaa wodi ile, mwanafunzi aonje kila chungu.

"Nianzie wapi?"

"Anzia mlangoni, kama mgonjwa."

Akaanzia kwa wagonjwa wa nje. "Bibi, pale ni mnada mtupu. Kila mtu anapaza sauti ahudumiwe kwanza. Mwanzoni nilikuwa namkimbilia anayepiga kelele. Siku hizi napita kwanza benchi zima namtafuta aliyenyamaza. Aliyenyamaza ndiye anayeumwa."

Fimbo yangu ilikaa hewani. Hilo jambo mimi lilinichukua miaka. Nilipiga deki chini ya benchi lile mpaka siku nilipofagia miguu ya mzee mmoja nikidhani amesinzia, kumbe yuko mbali zaidi ya usingizi. Husna amelipata kwa wiki tatu. Nikamtazama kama ninayemwona kwa mara ya kwanza, haka katoto nilikokafuta makamasi.

"Na wodi ya wanaume?"

"Vijana wa bodaboda watupu. Mguu umening'inizwa juu na uzito, lakini mdomo haujavunjika. Mmoja ameniambia akitoka analeta ng'ombe kumi kwa baba."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia amalize uji kwanza."

"Zamani zetu kitanda hicho kilikuwa cha warina asali walioanguka toka mitini. Na wao waliahidi asali. Mpaka leo sijaona hata nta."

Hapa niwape siri ya bure. Mgonjwa wa wodi ya wanaume utajua anapona kwa viatu vyake. Akiwa hoi, viatu viko huku na huku kama vya mlevi. Siku atakapoviinamia akavipanga chini ya kitanda, vidole vinatazama mlangoni, huyo mwandalieni karatasi za kuruhusiwa. Daktari atasoma vipimo vyake kesho yake, aseme vilevile. Mimi nilisoma viatu.

Husna akahamia wodi ya watoto. Watoto walikuwa wanalia wakiona tu sare. Basi kile kidude cha kubana kidoleni, Husna anambana nacho kwanza mama, halafu anajibana mwenyewe, anakitazama huku anacheka. Mtoto analeta kidole mwenyewe. Mnakijua kile kidude? Kina taa nyekundu, kinasoma hewa iliyo ndani ya damu, na hakitoboi hata ngozi. Sisi tulitazama midomo na kucha, tukisubiri zigeuke rangi, na zikigeuka mara nyingi tumechelewa. Husna alipokieleza nilimwambia arudie. Akarudia. Bado naona ni kama kumchungulia mtu moyo kupitia tundu la sindano.

Kisha wodi ya wazazi. Hapo sauti yake ikashuka.

"Nilishika kichwa cha mtoto kikitoka, Bibi. Mkunga aliweka mkono wake juu ya wangu. Kilikuwa cha moto. Sikujua kama mtu anakuja duniani akiwa wa moto hivyo."

Wodi ile niliifagia miaka tisa, na sijawahi kuizoea sauti ya kwanza ya mtoto. Kila ilipotoka, tambara langu lilisimama. Mama analia, mara wanalia wawili, na huyo wa pili dakika iliyopita hakuwepo hapa! Alikuwa wapi? Nileteeni msomi mmoja anijibu.

"Na thieta?" nikamuuliza. Hicho ndicho chumba cha upasuaji.

Fimbo ya Husna ikasimama.

"Thieta sitaki kuisema."

"Sawa. Ndoo je, nayo hutaki kuisema?"

Akakaa chini juu ya maganda, akalia. Nikamwacha alie, nikaendelea kupiga alizeti polepole. Alipomaliza akanisimulia.

Walikuwa wanampasua mtu tumbo. Kazi yake Husna, akisimamiwa na nesi wa thieta, ni kuhesabu gozi. Gozi ni kile kitambaa chepesi cheupe cha kunyonya damu. Zinahesabiwa kabla ya kupasua, zinahesabiwa kabla ya kufunga, kwa sababu gozi ikishalowa damu inafanana na nyama, na ikisahaulika ndani inaoza, na mtu anaoza nayo. Ziliingia kumi. Husna alipohesabu mwisho akapata tisa. Akasema. Wakahesabu tena, tisa. Daktari akatafuta tumboni, hakuna. Wakapekua ndoo, wakapekua mashuka, hakuna. Muda unakwenda, daktari jasho linamtoka. Mwishowe ikaonekana imenata chini ya kiatu cha daktari mwenyewe.

"Wote wakacheka, Bibi. Isipokuwa daktari. Aliniambia, 'Umetusimamisha muda wote huu kwa kitu kilichokuwa sakafuni.' Tangu siku hiyo darasa zima wananiita Mwalimu wa Hesabu. Nikipita wanahesabu hatua zangu. Jumatatu natakiwa nirudi kulekule thieta kupimwa. Sirudi. Nitakaa mjini niuze vipodozi."

Hapo ndipo nilipoiweka fimbo chini. Nikamwambia, "Niangalie. Sasa nitakuambia jambo ambalo babu yako alikufa hajalijua."

Na ninyi nawaambia.

Mimi nimezaliwa kwa mama aliyeuza mtama na vitunguu mnadani. Kwetu ukipima debe la mtama ukalisawazisha mdomoni kama umekata kwa kisu, umemtukana mnunuzi. Lazima kilele kisimame, kimwagike. Vitunguu ukipanga fungu la tano, mtu akishanunua unamtupia kimoja juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Mtu asiye na nyongeza, hata mwanawe haolewi upesi. Nililelewa hivyo na nilijivunia.

Nilipoajiriwa wakaniweka kwanza kufua mashuka, kisha wakanihamishia chumba cha kukunja gozi. Siku hizi zinakuja zimekunjwa tayari kwenye pakiti. Wakati ule zilikuja marobota kama ya vitenge. Unakata, unakunja kingo ziingie ndani ili uzi usibaki kwenye kidonda, unafunga tanotano kwa uzi, unapanga kwenye kopo kubwa la chuma, linakwenda kwenye mashine ya mvuke kuua vijidudu. Aliyenifundisha ni Sista Salome, nesi wa thieta, mama mfupi mwenye sauti kama filimbi. Aliniambia, "Tanotano, Mama Jumanne." Basi. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Nilikuwa mgeni, na wakati huo mhudumu kumuuliza sista "kwa nini" ilikuwa ni kutafuta makubwa.

Nikakunja wiki nzima. Tanotano. Nafsi ikawa inanisuta. Nikasema, hawa watu wa thieta wanaokoa roho za watu, mimi nawapimia msawazo kama mchoyo? Watanionaje? Nikaanza kuweka sita. Kila fungu, nyongeza moja. Nilikuwa naimba huku nakunja.

Akaja mama mmoja toka upande wa Iguguno, mtoto amekataa kushuka, anapasuliwa haraka. Walikuwa na pupa, hawakukunjua mafungu wahesabu moja moja. Sista Salome alihesabu mafungu tu: mawili, kwa hiyo kumi. Mtoto akatoka, wa kike, akalia. Wakahesabu gozi zilizotoka. Kumi. Sawasawa. Daktari akashika sindano ya kufunga.

Sista Salome akafungua fungu la tatu apate gozi ya kufunika mshono. Akaona sita.

Hebu simameni hapo kidogo, tuhesabu pamoja. Mafungu mawili ya sita ni kumi na mbili. Zimetoka kumi. Hesabu ilikuwa sahihi na ilikuwa uongo.

"Daktari, simama," akasema. Mimi nilikuwa nje napiga deki, nikaisikia ile filimbi kupitia mlangoni. Moja waliipata kwenye mikunjo ya shuka. Nyingine aliitoa daktari kwa mkono wake, nyuma ya kizazi cha yule mama, imejikunyata.

Baadaye Sista akatoka, ameibeba kwenye kisahani cha chuma.

"Nani amekunja hizi?"

"Mimi, Sista."

"Kwa nini sita?"

"Nyongeza, Sista."

Akanitazama. Nilingoja kofi, na kwa kweli ningelipokea kwa mikono miwili. Akakaa chini, palepale kwenye sakafu iliyolowa, na joho lake la kijani, akafunika uso. Sikujua kama analia au anacheka. Nafikiri vyote. Kisha akanishika mkono, akaniingiza wodini, akanisimamisha mbele ya yule mama aliyelala na kichanga chake. Akanieleza tano ni ya nini. Pole pole, kwa maneno yangu mimi, kama anayemfundisha mtu njia ya kisimani. Nilikuwa natazama tumbo la yule mama linapanda na kushuka. Kumbe mkono wangu mimi, wa mwanamke wa darasa la nne, unafika ndani kule ambako hata macho yangu hayaruhusiwi kufika.

Daktari alipouliza, Sista Salome alisema, "Kosa ni langu. Nilihesabu mafungu badala ya kuhesabu gozi. Na sikumweleza mkunjaji sababu." Jina langu halikutajwa. Nilibaki kazini. Tangu siku hiyo sikufunga fungu bila kuhesabu kwa sauti, mpaka wenzangu wakawa wanadhani nina maombi yangu.

Mtoto yule walimwita Selina. Mama yake anauza vitunguu mnadani kwetu Mtinko mpaka hivi leo. Niliporudi huku tukakutana, akanikumbuka kama mhudumu wa hospitali. Kila nikinunua fungu anatupia kimoja juu. "Chukua nyongeza, Mama Jumanne." Kile kitunguu kimoja kilikuwa kinanilemea kuliko debe. Sikuwahi kumwambia.

Nilipomaliza, Husna hakunionea huruma. Alinitazama na lile jicho la kutafuta aliyenyamaza kwenye benchi.

"Bibi, ngiri yako ina miaka mingapi?"

Nina ngiri ya kitovu. Nilikuwa naifunga kwa kanga, nainama nayo, nalima nayo. Watoto wamenisihi nikapasuliwe, nikasema naogopa kisu. Jumanne amenena mpaka amechoka.

"Saba," nikasema.

"Huogopi kisu wewe. Umeona visu miaka thelathini. Unaogopa hesabu."

Toka lini mtoto akakuvua nguo namna hiyo? Nilitaka kumkemea, lakini ilikuwa kweli. Usingizini nilikuwa naiona ile gozi iliyojikunyata, ila tumbo lilikuwa langu.

"Sikiliza, Bibi. Utumbo ukijinyonga humo ndani, utaletwa mbiombio hali mbaya. Na mtu akija mbiombio ndipo watu wanapohesabu mafungu."

Akalisema hilo huku anafuta machozi yake mwenyewe kwa pembe ya mtandio. Nikamwambia, "Basi tufanye hivi, mke mwenzangu. Daktari wako alisimama dakika ngapi?"

"Nyingi. Kama ishirini."

"Yule mtu aliyelala pale, kama angeulizwa, angesema zilikuwa nyingi?"

Akaanza kujipangusa maganda kwenye sketi.

"Mimi nitapasuliwa. Lakini nitapasuliwa kwenye hospitali ambayo wewe upo, na kwa mikono iliyofundishwa na mtu anayesimamisha daktari. Ukiuza vipodozi, mimi na ngiri yangu tunazikwa pamoja."

"Unanitishia, Bibi?"

"Nakutishia."

Akaangalia ndoo yake. Jumapili akaibeba, akarudi chuoni. Na mimi nikabaki nimekwama kwa neno langu.

Miezi ikapita. Nikatoa udhuru wa kupanda, nikatoa udhuru wa palizi, nikatoa udhuru wa msiba wa jirani ambao kwa kweli ulikuwa wa siku mbili tu. Husna akanipigia simu. "Bibi, mimi nimerudi. Wewe uko wapi?" Nikafunga kanga mbili kwenye mfuko, nikaenda.

Hawakumruhusu kuingia thieta. Ndugu wa damu hahudumii pale, mkono wake unaweza kutetemeka. Alinisindikiza mpaka kwenye mstari mwekundu sakafuni, ule ambao mimi niliupiga deki maelfu ya mara na sikuwahi kuuvuka nikiwa nimelala. Akasema, "Nipo hapa." Nikamwambia, "Usisimame karibu na ukuta, unachafuka."

Walinitia ganzi kwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kiuno na miguu vilikwenda zao, mimi nikabaki macho. Mbele ya uso wangu wamening'iniza shuka la kijani. Sioni kitu, lakini nasikia. Na jamani, nawaambia, mtu aliyefagia chumba maisha yake yote, siku akilala katikati yake ndipo anapokiona. Taa ile kubwa, kama jua lililofugwa. Mashine ikiniimbia moyo wangu mwenyewe, pi, pi, pi. Watu watano wamejifunika mpaka machoni, hawanijui, hatujala pamoja, na wote wameinamia kitovu cha bibi kizee wa Mtinko kana kwamba duniani hakuna kazi nyingine. Machozi yalinitoka. Nesi wa usingizi akauliza, "Bibi, unaumia?" Nikasema, "Hapana, mama. Nashangaa."

Baadaye nikasikia sauti ya binti, nyembamba, inatetemeka kidogo. "Moja. Mbili. Tatu." Na nesi mkubwa anamfuata. Midomo yangu nayo ikawa inafuata. "Nne. Tano. Sita." Daktari akamuuliza mwenzake mpira wa jana uliishaje. "Saba..."

Hesabu ikakatika.

"Samahani, daktari," ile sauti ikasema. "Umeongea nikiwa kwenye saba. Naanza upya."

Enzi zetu daktari akipita koridoni tulibana ukuta. Na huyu ni mwanafunzi, macho tu ndiyo yanaonekana, pengine hata kwao bado anagombezwa kwa kuunguza mboga. Mashine ikaimba haraka, chumba kizima wakausikia moyo wangu.

"Anza," daktari akasema.

Akaanza. Moja mpaka kumi, bila kuruka, kila moja akiilaza kwa upole kama mtu anayelaza mtoto. "Kumi." "Kumi," nesi mkubwa akaitikia.

"Na kiatu changu je?" akauliza daktari.

Chumba kikacheka. "Tumeshaangalia, daktari."

Hapo nikamjua ni daktari gani.

"Nifunge?"

"Funga, daktari."

Mmesikia? Aliomba ruhusa. Daktari mzima na miwani yake, aliomba ruhusa kwa binti, na binti akampa.

Walipokuwa wananitoa nikamshika yule binti kwenye joho. "Nani amekufundisha kuanza upya?"

"Husna, Bibi. Tunamwita Mwalimu wa Hesabu. Zamani tulikuwa tunamcheka."

Na Husna alikuwa palepale kwenye mstari mwekundu. Amesimama karibu na ukuta, amechafuka bega. Sikumgombeza.

Nilipopona, nikaweza kutembea mpaka mnadani, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Selina. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Nikanunua fungu la vitunguu, na kabla hajanyoosha mkono nikamwambia. Kila kitu. Zile sita, ule wimbo wangu nikikunja, ile gozi nyuma ya kizazi chake. Nilisema huku natazama vitunguu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Sista mfupi aliniambia siku ya kuruhusiwa. Akasema, 'Yupo mama mmoja mgeni, alitaka kukupa zaidi. Usimchukie.' Nikamuuliza ni yupi, akakataa. Nilipokuona unavyopokea kitunguu changu miaka yote, kama unapokea kaa la moto, nikajua ni wewe."

"Sasa mbona uliendelea kunipa?"

Mama Selina akachagua kimoja, kikubwa, chekundu, akakipangusa vumbi kwenye kanga yake, akakiweka juu ya vile vitano.

"Kwenye vitunguu haina madhara, Mama Jumanne. Chukua."

Nikachukua. Nilipofika nyumbani nikavimwaga juu ya ungo, nikavihesabu kwa sauti. Katikati jogoo akawika, nikaanza upya.

Sita.